Aliyesimama Nyuma ya Marehemu

Vijana wa kitengo cha kompyuta mliniomba nirekodi sauti niweke kwenye grupu, eti mama atuachie uzoefu. Sirekodi. Najua mnavyosikiliza sauti za wakubwa: mnazikimbiza mara mbili ya mwendo wake, mtu anasikika kama kuku aliyebanwa na mlango, halafu mnaweka kidole gumba juu na kurudi kwenye mpira. Ninaandika. Mwenye haraka aache hapa hapa, sitamkasirikia.

Nani alipandishwa cheo, lini, na alimnunulia nani soda ili apandishwe, hayo kawaulizeni waliopandishwa. Mimi nitaandika juu ya listi. Ndiyo, listi, kitu mnachofundishwa chuoni wiki ya kwanza na kukisahau wiki ya pili. Mkija kazini mnazungumza habari za akili bandia, lakini ukiwaambia ondoeni majina matatu kwenye listi, mnaondoa mawili na kulipoteza la nne. Siwachukii. Nawadharau kidogo tu, tena kwa mapenzi.

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilivuliwa viatu. Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya zamani ya magongo na bendeji, na mlangoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: VUA VIATU. Watu walikuwa wanaingia chumba cha upasuaji na makubazi ya kutoka sokoni, lakini kwa kompyuta walivua. Yenyewe ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kudarizi chenye maua, na ilifunuliwa kwa heshima, kama vile ingeweza kuona aibu. Heshima hiyo haikuwazuia wadudu wa ziwani. Wale wadogo wanaoinuka majini kama moshi walipita dirishani, wakaingia kwenye feni ya mashine, wakafia humo kwa maelfu. Kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu, baada ya miaka yote ya kusoma, ilikuwa kukung'uta wadudu kwa brashi ya rangi. Wazungu huita kosa la programu mdudu. Sisi wadudu wetu walinuka samaki.

Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Musira, Mkerewe, mtakwimu wa hospitali. Aliitwa mwalimu kwa sababu aliwahi kufundisha hesabu, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, watoto walikuwa wanapumua kwa sauti. Alikuwa na ulimi mbaya kuliko wangu, na ninaposema hivyo nyie mnaonifahamu mtamhurumia mke wake. Alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Wewe Mjita, listi ni nini?"

Nikamjibu kama kitabu kilivyosema: mkusanyiko wa vitu wenye mpangilio, unaoruhusu vitu kurudiwa, unaoweza kubadilishwa baada ya kutengenezwa.

"Umekariri vizuri," alisema. "Kasuku naye anakaririga. Sasa njoo."

Akanipeleka jikoni kwake, nyumba za watumishi, ambako mke wake alikuwa amerudi na mtungo wa sato. Akaushika kwenye fundo. Akasema listi ni hii. Ukitaka kuongeza samaki, pa rahisi ni mkiani, unamchomeka tu. Ukitaka kumweka katikati, wote wa nyuma lazima wasogee. Ukimchomoa wa katikati, wa nyuma wanateleza kuja kuziba nafasi yake. Mtungo hauachi pengo. Nikauliza kwa nini basi kompyuta inaanza kuhesabu na sifuri. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana majimaji. "Sifuri siyo idadi ya samaki. Ni umbali kutoka kwenye fundo. Huyu wa kwanza yuko kwenye fundo, hajaenda popote."

Nikauliza pia habari ya kuipa listi jina la pili. Mlikuwa mnafanya sana kosa hili nilipokuwa nawasimamia: mnaandika kwamba listi B ni sawa na listi A, mnafurahi kwamba mna nakala, halafu mnaichinja B na kushangaa A inatoka damu. Mwalimu Musira alilieleza hivi: "Mimi nyumbani naitwa baba, ofisini naitwa mtakwimu. Nikivunjika mguu, baba na mtakwimu wote wanachechemea." Jina la pili siyo mtu wa pili. Ukitaka nakala, agiza nakala. Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo, na nimekaa kwenye semina nyingi zenye biskuti.

Aliniachia pia ugonjwa wake wa kukasirika. Alistaafu, akarudi Ukerewe, na kila nilipompigia simu aliuliza kama bado kuna wajinga kazini. Nilimwambia wapo. Akasema vizuri, hutakosa kazi.

Wajinga walikuwepo, tena wa madaraja yote. Kuna fundi mmoja alitutengenezea mashine ya kutoa kadi za foleni, akachapa namba kama zilivyokaa kwenye listi, yaani kuanzia sifuri. Asubuhi ya kwanza kadi ya kwanza ikamwangukia mwalimu mkuu mstaafu mwenye kifua cha kubana. Mzee alisimama katikati ya mapokezi, kadi mkononi, akapata pumzi ambayo daktari hakujua kama anayo: "Mimi nimewapa watoto wa watu sifuri maisha yangu yote, leo napewa mimi?" Fundi akajitetea kwamba ndivyo kompyuta inavyohesabu. Kompyuta ihesabu inavyotaka tumboni mwake. Mgonjwa unamwongezea moja kabla hujachapa, ndiyo adabu.

Mwingine alikuja kutusafishia daftari la kliniki ya watoto. Akaona majina yanajirudia, akaudhika, akamimina listi yote kwenye ule mkusanyiko mwingine, seti, usiokubali kitu kurudiwa. Kwa mikono yake akawafuta watoto hai. Huku tulipo, Usukumani, kila wakizaliwa mapacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na akina Masanja hawajapungua duniani. Kulwa Masanja wa Buzuruga siyo Kulwa Masanja wa Kiseke, ingawa yule bwana aliwaona mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa uzembe. Na kwa kuwa mkusanyiko ule hautunzi mpangilio, waliobaki walitoka ovyo, Doto akiitwa kabla ya Kulwa. Akina mama walimfokea muuguzi, siyo yeye. Yeye alikuwa ameshaondoka na cheti cha kazi nzuri.

Nimewasimulia haya mawili ili mjue kwamba nilikuwa nimeshazoea. Nilidhani hakuna mtu atakayeharibu listi kwa namna ambayo sijaiona. Ndipo akaja Injinia Elvis.

Hilo lilitokea mwishoni mwishoni mwa kazi yangu, mmoja wenu alikuwa tayari ameajiriwa na anakumbuka. Uongozi uliamua programu yangu ya foleni ya macho imezeeka, wakaingia mkataba na kampuni fulani ya mjini kwa wakubwa. Kampuni ikamtuma Injinia Elvis na begi la mgongoni, viatu vyeupe, na kompyuta iliyobandikwa vibandiko kama mlango wa kinyozi. Kila sentensi aliianza kwa Kiingereza na kuimalizia kwa mkono. Aliniita "mama yetu", na nikajua nimeshawekwa kabatini. Kazi yangu ikawa kuangalia kama umeme upo.

Foleni ya macho haikuwa kitu kidogo. Madaktari wa upasuaji wa macho walikuja kwetu kwa kambi, na kati ya kambi na kambi ni miezi mingi. Wagonjwa wengi walikuwa wazee wa visiwani na vijiji vya pembeni mwa ziwa. Programu mpya ilifanya hivi: kabla ya kambi ilipita kwenye listi ya wanaosubiri kuanzia wa kwanza. Ikimkuta aliyeandikwa amefariki, ilimwondoa; sisi tuliweza kuandika kifo tu, kitufe cha kumwondoa mtu kwa mkono kilifunguka wito wa kambi ukishapita. Ikimkuta aliye hai, ilimtumia meseji aje, na jina lake liliingia kwenye karatasi ya upasuaji. Ikaendelea hivyo mpaka nafasi zijae. Kama hukuitwa, unangoja kambi nyingine. Kwa mzee anayepofuka, kambi nyingine ni neno zito.

Kambi ya kwanza ilipita na wote wakapiga makofi. Wiki chache kabla ya kambi ya pili, mama mmoja wa makamo aliingia ofisini kwangu akimwongoza bibi kwa kiwiko. Tulikuwa tumeshaacha kuvua viatu siku nyingi, lakini yule bibi alivua.

"Shikamoo mama," alisema yule wa makamo. Jina lake Nyamizi, wametoka Kayenze.

"Marahaba. Vaeni viatu. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," alisema bibi akielekeza uso kwenye kabati. Mimi nilikuwa upande mwingine.

"Huyu ni mama yangu, Kabula," Nyamizi alisema. "Kambi iliyopita hawakumwita. Wenzake waliojiandikisha siku moja naye wameshapasuliwa, mmoja anashonaga mikeka tena. Yeye kila siku ananiulizaga, simu imelia? Namwambiaga bado. Jicho moja limeshakwenda. Hili lingine daktari anasema lina mtoto wa jicho na presha ya macho juu yake. Amesema lisivuke kambi hii, likivuka basi."

"Mwambie na lile jambo lingine," bibi alisema.

Nyamizi akainamisha kichwa. "Anasemaga alikuwa nyuma ya marehemu. Yule aliyekuwa mbele yake alifariki kabla ya kambi. Watu wanasema marehemu ndiye amemshika."

Mnajua nilivyojibu moyoni. Nilisema hospitali ya kisasa, wenye macho mabovu na wenye akili mbovu wanakaa benchi moja. Nikawaambia nitaangalia, nikawasindikiza, nikaenda kumcheka mtu mbele ya Sista Perpetua, muuguzi mkuu wa kliniki ya macho.

Sista Perpetua hakucheka. "Mama Bwire, wewe unakaa huko na waya zako, husikii barazani. Watu wameacha kuleta taarifa za misiba. Mtu akifa, ndugu wa anayemfuata kwenye foleni wanakwenda kuwaomba wafiwa wasije kusema hospitalini. Wanawapelekea mpaka sukari. Wanasema marehemu akitajwa kwetu, anamvuta wa nyuma yake."

"Na nyie mnaamini?"

"Mimi naamini Mungu," alisema. "Lakini nenda kaangalie walioachwa."

Nikaenda kuangalia, nia yangu ikiwa kurudi kumwaibisha. Nilichukua majina ya waliorukwa kambi ya kwanza, nikatafuta kila mmoja alisimama wapi. Kila mmoja, bila kuacha, alikuwa nyuma ya marehemu. Chai yangu ikapoa.

Kisha nikafungua programu yenyewe. Kuisoma tuliruhusiwa, kuigusa hapana, mkataba ulisema hivyo. Ilikuwa imeandikwa kwa ile lugha ya kompyuta mnayoipenda yenye jina la chatu, na kosa lilikuwa limekaa wazi kama nguo kwenye kamba. Injinia Elvis alikuwa anatembea juu ya listi huku anaondoa watu kwenye listi hiyo hiyo anayotembea.

Kwa mnaosoma na chakula mkononi, nitaeleza kwa mtungo. Weka kidole kwenye samaki wa tatu. Ameoza, unamchomoa. Wa nne anateleza kuja kukaa nafasi ya tatu. Lakini kidole chako hakijui. Chenyewe kimeambiwa kiende nafasi ya nne. Kinakwenda, kinamkuta aliyekuwa wa tano. Yule wa nne, aliyeteleza, hakuguswa. Hakuondolewa, hakuitwa, hakukosea kitu. Kosa lake ni kusimama nyuma ya aliyetolewa. Programu haikupiga kelele wala haikuandika kosa lolote, ilimaliza kazi na kusema imefanikiwa.

Marehemu alikuwa anamshika wa nyuma yake kweli kweli. Na wale waliopeleka sukari kwa wafiwa, ambao nilikuwa nimewadharau tangu asubuhi, dawa yao ilikuwa inafanya kazi. Marehemu asipotajwa, haondolewi. Asipoondolewa, hakuna anayeteleza. Walikuwa wamerekebisha programu kwa kilo ya sukari bila kujua kwamba kuna programu. Hilo liliniudhi kuliko kosa lenyewe.

Nilimpigia simu Injinia Elvis. Nilimweleza taratibu, namba ya mstari, kila kitu. Alisikiliza kama mnavyosikiliza sauti zangu.

"Mama yetu, hiyo ni data ya kwenu siyo safi," alisema. "Halafu huko kanda ya ziwa watu wana imani za kishirikina, samahani lakini."

"Injinia, nimekutajia mstari."

"Fungua tiketi."

Tiketi ninayoijua mimi ni ya meli. Nikaifungua hiyo yao, fomu ya malalamiko ya mtandaoni, ikajibiwa na mashine kwamba wananithamini. Nikaenda kwa katibu wa hospitali nikiwa na karatasi. Katibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mkataba. Alisema mtu wetu akigusa programu, kampuni itanawa mikono kwa kila kitu. Nikasema basi tumwandike Bibi Kabula kwa kalamu kwenye karatasi ya upasuaji. Hapo alikataa kwa sauti. Zamani majina ya kalamu yalikuwa ya shangazi za wakubwa, wazee wa visiwani wakawa wanakaa chini ya listi mpaka kambi inakwisha, na ndiyo maana kompyuta iliwekwa. Na mimi ndiye niliyepigana miaka ile kalamu iondolewe.

Ilibaki Jumatatu programu ipite. Nilijipa moyo kwamba safari hii aliye mbele ya Bibi Kabula ni hai. Alikuwa Mzee Luhende wa Mkuyuni. Kambi iliyopita aliitwa, hakuja kwa sababu alikuwa kitandani, kwa hiyo alibaki na nafasi yake. Ijumaa asubuhi Sista Perpetua akaingia na fomu mkononi, akafunga mlango.

"Mzee Luhende amefariki. Mkewe amekuja leo kutoa taarifa. Sijaiingiza."

Tulitazamana. Marehemu wengine waliosajiliwa walikuwa chini kabisa ya listi, ambako kambi ile isingefika. Huyu mmoja alikuwa mbele ya jicho lile. Mimi, msomi wa kompyuta, niliyewacheka watu wa baraza, nilikuwa na dawa moja tu mkononi, nayo ilikuwa ile yao. Tumwache marehemu awe hai mpaka Jumatatu.

"Simu iliyoko kwenye faili ni ya mkewe," Perpetua alisema. "Meseji itamfikia yeye."

Hilo sikuweza kulifanya kimya kimya. Kuna upumbavu ninaoweza kuuvumilia, lakini siyo wa kumtumia mjane meseji kwamba mume wake aje kupasuliwa macho. Jioni hiyo nikaenda Mkuyuni. Nilimkuta Mama Shija, mjane wa Mzee Luhende, anaanua dagaa kwenye turubai, kanga nyeusi begani. Sukari sikupeleka. Nilikataa kufika huko.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Karibu."

Nilijitambulisha, nikaanza kueleza. Nilijaribu listi, nilijaribu nafasi, nilijaribu hata dagaa. Aliendelea kuanua. Mwisho nikasema kwa kifupi: mashine yetu ina kasoro, ikimtoa mume wako inamruka mama anayemfuata, na yule mama atapofuka. Tunaomba tusimtoe mpaka Jumatatu ipite.

"Kwa hiyo huko kwenu bado yupo," alisema.

"Kwenye mashine tu, mama."

"Ataitwa?"

"Ataitwa. Jumatatu kwa meseji, na siku ya kambi kwa jina, mbele ya watu."

"Na nani atamwitikia?"

"Hakuna. Sista atanyamaza kidogo, kisha ataendelea. Mashine haijali."

"Sikuulizi habari ya mashine," alisema.

 Sikuzoea kunyamazishwa, na hapo nilinyamazishwa barabara. Alikusanya dagaa wote, akafunga gunia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Alikuwa anasubiri sana simu ile," alisema. "Ilipokuja hakuweza kuinuka. Haya. Yule mama aone."

Jumatatu programu ilipita. Ilimkuta Mzee Luhende, ikamwita. Ikasogea nafasi moja, ikamkuta Bibi Kabula, ikamwita. Nyamizi alinipigia akilia mpaka sikusikia neno, nikamwambia apunguze, simu yangu haina bima.

Nimalizane hapa na Injinia Elvis ili nisilazimike kumtaja tena. Baada ya kambi alirekebisha kosa. Dawa yake ni fupi na nyie mkaijue: ukitaka kuondoa huku unatembea, anzia mkiani urudi kwenye fundo, ili wanaoteleza wawe ni wale uliokwisha kuwapita. Au, bora zaidi, usichomoe kabisa; tunga mtungo mpya wa wanaobaki, uache wa zamani ulivyo. Alituma barua pepe kwamba wamefanya "maboresho madogo ya kasi". Kasi! Waliorukwa kambi ya kwanza tuliwarudisha mbele, lakini wawili kati yao macho yalikuwa yameshakwenda, na hakuna aliyewaomba radhi isipokuwa Sista Perpetua, ambaye hakuwa na kosa. Nina hasira mpaka leo na siiombei ipoe.

Siku ya kambi nilishuka kliniki asubuhi. Sikuwa na kazi pale, nilitaka kuona kwa macho yangu. Benchi lilikuwa limejaa wazee wenye plasta kwenye paji la uso, jicho la kupasuliwa limewekewa alama. Bibi Kabula alikuwa katikati, amevaa gauni la kanisani. Pembeni yake, upande wa mbele, alikaa mwanamke mwenye kanga nyeusi, amenipa kisogo. Nilidhani amekuja kusindikiza mtu.

Sista Perpetua alisoma majina kwenye karatasi. Mmoja akaitikia, akaingia. Mwingine akaitikia, akaingia. Kisha akafika pale, akasita, maana alijua anaita nani.

"Luhende Mabula."

Mama Shija alisimama. Alijitengeneza kanga, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia:

"Hayupo. Amefariki. Mwite anayefuata."

Baraza zima liligeuka kumtazama. Hawa ndio watu waliokuwa wanapeana sukari ili marehemu asitajwe. Bibi Kabula alimshika mkono bila kujua ni wa nani. Sista Perpetua aliita, "Kabula Nkwabi." Bibi akaitikia, Nyamizi akampeleka mpaka mlangoni, mlango ukafungwa. Jicho lile linaona mpaka leo. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani nasoma tangazo la kunawa mikono, na sikusoma hata neno moja, nilikuwa nalia.

Nilifikiri Mama Shija ameondoka. Niliporudi ofisini nilimkuta kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini.

"Ameitwa, nimemwitikia," alisema. "Sasa mtoe."

Nikafungua listi. Nilimwonyesha jina lilipo, akalisoma taratibu, herufi kwa herufi, akaniambia nimeandika vizuri. Nikaingiza taarifa ya kifo, nikabonyeza kitufe cha kuondoa, maana wito ulikuwa umeshapita. Jina likatoka, na majina yote ya chini yakapanda nafasi moja.

Aliangalia kioo kwa muda.

"Basi?"

"Basi, mama."